Maziwa Yaliyoitwa ya Jana

Siku ya Jumatano, saa moja na dakika kumi asubuhi, Leo, kijana wa mapokezi wa kituo cha maziwa, alichota maziwa kidogo kutoka keni ya kwanza ya Kunegunda, akayamimina kwenye kichupa, akaongeza spiriti, akatikisa. Foleni nzima ilikikodolea macho kile kichupa. Maziwa hayakukatika, dalili kwamba hayajachacha. Yalitelemka kwenye kioo laini vilevile kama yalivyotoka kwa ng'ombe.

"Spiriti imekubali," Leo akasema. Akazivuta kadi za akina mama sita ambao Kunegunda huwakusanyia maziwa, akaanza kuingiza kwenye kompyuta yale aliyoyakuta yameandikwa: jina, lita, saa ya kukamua. Mwandiko wa Kunegunda ulikuwa mkubwa na wa duara, ule wa darasa la saba la zamani, hauhitaji miwani kuusoma. 12:05. 11:40. 12:10. Saa ya kupokea kompyuta iliiweka yenyewe. Leo akabonyeza. Akabonyeza tena. Akakuna shingo.

"Vipi, mwanangu?"

"Nyekundu, mama."

"Tena?"

"Tena. Wote sita. Ya kwako inasema ina masaa kumi na tisa."

Kunegunda aliitazama kanga yake. Ilikuwa bado ina matone ya maji aliyooshea chuchu za ng'ombe, hayajakauka kwa ile baridi ya Juni. Masaa kumi na tisa. Tangu kituo cha maziwa kilipoanza kutumia kompyuta Jumatatu, hiyo ilikuwa siku ya tatu kikundi cha akina mama wa Ruhuwiko kinaambiwa maziwa yao ni ya jana. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilieleza wazi: kikundi kikipata nyekundu siku tano mfululizo, kinafutwa.

Meneja, Bwana Hironimus, alitoka ofisini kabla hajaitwa. Hakuwa mtu mbaya. Mwezi uliopita lori zima la maziwa lilirudishwa na mnunuzi kwa sababu yaliganda njiani, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wanachama akajibu maswali. Tangu siku hiyo alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka barabarani.

"Mama Dorine, mimi nakuheshimu. Lakini mnachukua maziwa ya jana jioni mnachanganya na ya asubuhi. Semeni tu."

"Maziwa ya jioni tunakunywa na watoto, Bwana meneja. Yale mengine yanakwenda kwa ndama."

"Kompyuta haina shangazi Ruhuwiko. Haimjui mtu."

"Na spiriti?"

"Spiriti inadanganywa kwa magadi. Sisemi wewe. Nasema inadanganywa."

Kwenye foleni mtu alicheka kwa pua. Kunegunda aligeuka kutazama dirisha la ofisi. Nyuma ya kioo aliketi binti yake, Dorine, mtaalamu wa kompyuta wa kituo, aliye kwenye miezi mitatu ya majaribio inayoisha mwezi huuhuu. Dorine alikuwa anamwona. Macho yao yalikutana, kisha binti akainamia mashine yake. Hakutoka nje.

Kunegunda alifunga keni zake mbili, akazirudisha kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma kupanda kilima. Lita thelathini na saba ni nzito zaidi zinaporudi.

Akiwa njiani alipishana na Oliva, mwanachama wa saba wa kikundi, anayechelewa kila siku na kubeba kidumu chake mwenyewe. Muda si mrefu Oliva akarudi, kidumu kitupu kinaning'inia kwenye usukani wa baiskeli yake.

"Yamepita, Mama Dorine," Oliva akasema, na kusema ukweli alikuwa na aibu. "Kijani. Hata sijui nimefanya nini."

*

Mchana akina mama walikuja kuchukua maziwa yao barazani kwa Kunegunda. Hakuna aliyekaa kitako. Zuhra, aliyeolewa hapo kutoka Tunduru na kufuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, alisimama na ndoo yake kiunoni.

"Lita sita mara siku tatu," akasema. "Mashudu nimekopa kwa kutegemea haya. Leo nimegandisha, kesho nitagandisha, mtaa mzima unakunywa mtindi wangu mpaka unaumwa tumbo."

"Vumilia, Zuhra."

"Ninavumilia. Lakini nisikufiche, Mama Dorine, kuna maneno. Wanasema wewe ndiye unayekusanya, wewe ndiye unayeandika kadi. Huenda ya kwako ndiyo ya jana, sisi tunaungua nayo."

"Na wewe unasemaje?"

Zuhra aliangalia pembeni. "Mimi nasema wallahi sijui. Anayetukataa ni mashine ya binti yako. Anayetukusanya ni wewe. Sisi wengine tupo katikati kama kuku wa kuuzwa."

Wakaondoka na ndoo zao. Kunegunda aliufagia ule uwanja ingawa ulikuwa safi.

Dorine alirudi jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, na begi la kompyuta mgongoni. Akamwamkia mama yake, akanawa mikono, akakaa mbele ya ugali na likolo, ile mboga ya majani ya maboga, bila kumega.

"Mama, nikuulize. Usikasirike."

"Uliza."

"Kweli hamchanganyi? Hata kidogo? Hata mmoja wao, labda anakuletea ambayo hujui?"

Kunegunda aliweka bakuli chini taratibu. Miaka kumi na mmoja tangu amzike mumewe, maziwa ndiyo yaliyompeleka huyu mtoto chuoni. Hakulisema hilo. Alisema, "Ninayaonja yote kwa kidole kabla hayajaingia kwenye keni. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nashindwa kula." Dorine akaifungua kompyuta juu ya meza, kando ya sufuria. "Njoo uone mwenyewe. Hii hapa inaitwa fanksheni. Haikuja na kompyuta, nimeiunda mimi kwa mkono wangu. Ni kama mashine ya kusaga pale kwa jirani. Juu unamimina mahindi, chini unapokea unga. Hii juu nainyweshea nyakati mbili, ulipokamua na tulipopokea. Chini inanitolea umri wa maziwa. Ukizidi masaa nane, nyekundu."

"Imiminie, nione."

Dorine akaandika: kukamua 06:05, kupokea 07:10. Mashine ikajibu papo hapo. Saa moja na dakika tano. Kijani. Akaandika 05:40 na 07:10. Kijani. Akaandika nyingine, na nyingine, vidole vikizidi kukaza, mpaka sauti ya vibonyezo ikawa kama mvua ya mawe kwenye bati.

"Unaona? Haikosei. Nimeijaribu mara arobaini tangu jana. Haikosei hata mara moja."

"Kumbe mimi ndiye mwongo."

"Sijasema hivyo, mama."

"Wewe hujasema. Mashine yako imesema, nawe unasema haikosei."

Dorine alijifunika uso kwa viganja. Akasema kutoka ndani ya viganja kwamba Bwana Hironimus amemwita mchana. Amemwambia: kama ubovu uko kwenye fanksheni yako, basi tuliajiri nini? Na kama hauko kwenye fanksheni, basi mama yako ni mwizi wa maziwa. Chagua.

Kunegunda alivuta kiti, akaangalia ile mistari kwenye kioo. Hakuelewa Kiingereza chake, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu vitu kwa utulivu. "Huu mstari unasemaje?" akauliza, kidole kwenye wa saba.

"Huo unasema, kama saa ya kukamua imeipita saa ya kupokea, maziwa ni ya jana. Ng'ombe hawezi kukamuliwa wakati maziwa yake yameshafika kituoni, si ndiyo? Basi ikitokea hivyo, inajua kwamba alikamuliwa jana yake."

"Inajua, au inadhani?"

"Kompyuta haidhani, mama."

Kunegunda aliinuka. Alichukua rozari msumarini, akamwambia binti ale kabla ugali haujawa jiwe.

*

Alhamisi asubuhi Dorine aliondoka nyumbani na uso wenye nuru kidogo. Alikuwa amegundua kitu: ndani ya kanzidata, ghala la taarifa za kituo, kulikuwa na fanksheni mbili zenye jina moja, moja ya kwanza aliyoitengeneza akijifunza, na nyingine ya sasa. Huenda mashine ilikuwa inaiita ile ya zamani. Akaifuta ya zamani. Akaiandika upya ya sasa, mstari kwa mstari. Akamwambia mama yake, "Leo itakuwa kijani."

Ikawa nyekundu. Masaa kumi na tisa na dakika tano. Siku ya nne.

Kutwa nzima Dorine hakutoka ofisini. Leo alikuja kumsimulia Kunegunda baadaye, kwamba binti alikuwa akilikagua jedwali la wiki nzima jina kwa jina, amekunja paji, akisoma kwa sauti: huyu kumi na mbili na dakika tano, amepokelewa saa moja na dakika kumi, sawa, huyu kumi na moja na arobaini, amepokelewa saa moja na dakika kumi, sawa. Alifika mwisho akaanza tena. Kila mstari aliusoma ukawa sawa. Kila mstari mashine iliupaka nyekundu. Saa nane mchana alimwita Leo, akamuuliza kama na yeye anaona ni sawa. Leo akasoma, akasema anaona ni sawa. Dorine akakipiga kibao cha kuandikia kwa ngumi, kitufe kimoja kikaruka mpaka chini ya kabati.

Mchana huohuo Kunegunda alikwenda jumuiya. Kila Alhamisi, baada ya sala, yeye ndiye aliyeleta chupa ya chai ya maziwa, mwenye nyumba akaleta ya rangi na vitumbua. Aliweka chupa yake mezani kama kawaida. Wakasali, wakaimba, wakaombea wagonjwa. Kisha vikombe vikazunguka, na Kunegunda, ambaye huona vitu hata akiwa ameinamisha kichwa, aliona kwamba kila mkono uliifikia chupa ya rangi. Ilipoisha, mwenye nyumba akaenda jikoni kuchemsha nyingine. Hakuna aliyesema neno baya. Walimuuliza habari za goti lake linalouma. Walimsifia kilemba.

Alirudi nyumbani na chupa nzito vilevile. Akammiminia mbwa wa jirani, kisha akajilaumu kwa kumwaga sukari.

*

Ijumaa, siku ya tano, Dorine aliamka kabla ya mama yake. Alivaa mabuti ya marehemu baba yake, akaenda kusimama bandani na simu mkononi, kama askari wa zamu. Aliona ng'ombe anaoshwa. Aliona ndama anavutwa pembeni. Aliona ndoo tupu, akaipindua mwenyewe, akaitazama ndani, na Kunegunda akajifanya hakuona kwamba mtoto wake anakagua ndoo. Maziwa yakaanza kulia kwenye bati la ndoo.

"Andika," Dorine akasema. "Saa kumi na mbili na dakika tano."

"Naandika." Kunegunda akaandika kwenye kadi. 12:05.

Akina mama wengine wakaleta ya kwao mmoja mmoja, na kila mmoja Dorine alimuuliza kwa macho makali mpaka Zuhra akasema, "Nawe umekuwa polisi? Kanuse ng'ombe kabisa." Wakashuka pamoja, mama akisukuma baiskeli, binti akishikilia keni kwa nyuma. Walipopita nyumbani kwa Oliva walimwona ndiyo kwanza anamfunga ng'ombe wake mguu, mtoto mgongoni, kanga imemwanguka.

"Leo umechelewa kupita kawaida," Kunegunda akamwambia.

"Homa ya mtoto, shoga yangu. Tangulieni."

Kituoni Leo alipima, spiriti ikakubali. Aliingiza kadi polepole. Hata kabla hajasema, Dorine alikuwa ameshaona ile rangi ikimmulika Leo usoni.

"Haiwezekani," Dorine akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama pale."

Bwana Hironimus alikuwa ameegemea mlango. "Sasa mtaalamu wangu anakuja kumtolea mama yake ushahidi. Mbele ya wanachama. Hii ni fanksheni gani, Dorine, inayokataa mpaka aliyeizaa?"

Watu wakacheka. Sefu, mwenye pikipiki anayeleta maziwa ya Mpitimbi, na ambaye yake yalikuwa kijani wiki nzima, alisema kwa upole tu, "Mwacheni binti wa watu." Ikawa mbaya zaidi kuliko kicheko. Dorine alisimama na yale mabuti makubwa, tope mpaka magotini.

"Siku tano zimetimia," meneja akasema. "Kesho kwenye mkutano wa wanachama nitasoma kwamba kikundi kimefutwa. Sina jinsi."

Kunegunda hakuondoka. Alisogeza baiskeli pembeni, akasimama chini ya paa la mapokezi, mikono ameikunja ndani ya kanga. Hakujua anasubiri nini. Alikuwa tu hajamaliza kutazama.

Oliva akafika mbio na kidumu chake. Leo akapima, akaingiza.

"Kijani."

"Leo, mwanangu," Kunegunda akasema. "Hiyo ya Oliva, mashine imesema ina umri gani?"

Leo akaangalia. Hakuna aliyewahi kumuuliza umri wa maziwa yaliyopita. "Masaa sita na dakika thelathini na tano."

"Oliva, umekamua saa ngapi?"

"Saa moja na dakika tano, Mama Dorine. Nimeandika hapo. Si mmenikuta nafunga mguu?"

"Tumekukuta." Kunegunda akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Sasa hivi ni saa moja na dakika arobaini. Maziwa haya yana nusu saa na kidogo tu. Mashine imeyapa masaa sita." Akamgeukia binti yake. "Dorine. Siku zote unatafuta inapotukosea sisi. Kumbe hata huyu inayempitisha, naye imemkosea."

Dorine alisogea kaunta. Kisha akaivuta kadi ya Oliva mkononi mwa Leo, na kadi ya mama yake, akaziweka pamoja juu ya kaunta. 1:05. 12:05. Akatazama kioo cha kompyuta, pale ambapo mashine iliandika saa ya kupokea yenyewe. 07:40. Akakaa chini pale pale, juu ya keni ya mtu.

"Nimeisoma mara mia," akasema. "Nimeisoma kumi na mbili, nikaona alfajiri. Nimeisoma hiyo sifuri saba, nikaona saa moja. Nasoma zote mbili, mama. Mimi nasoma zote mbili, yenyewe inasoma moja tu."

Leo hakuelewa, akaeleweshwa. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kumi na mbili kwake ni adhuhuri, maana yake maziwa yamekamuliwa adhuhuri, na hii ni asubuhi, kwa hiyo ule mstari wa saba ukajibu: ya jana. Moja kwake ni ile saa ambayo wachawi tu ndio wako macho. Kutoka hapo mpaka asubuhi ni masaa sita, ndiyo maana Oliva alipita. Na Sefu na wengine waliopita?

"Sisi wengine tunakopi saa kutoka kwenye simu," Sefu akasema. "Kama ilivyo."

"Na siku zote nilipoijaribu," Dorine akasema, "nilikuwa naandika mimi. Kimashine. Sikuwahi kuimiminia kadi yako hata moja."

*

Jioni Dorine alimweleza mama yake yaliyofuata. Bwana Hironimus alimwita, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ndogo kwa mara ya kwanza wiki nzima. Amefurahi tatizo limejulikana. Kikundi hakitafutwa. Ila kwenye ripoti iandikwe kwamba wakulima walijaza kadi vibaya. Hivyo mfumo unabaki safi, Dorine anabaki safi, mkataba unasainiwa. Akina mama watapewa semina ya siku moja, na soda.

Kunegunda alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Kwenye kadi, juu ya kile kisanduku, mliandika nini?"

"Saa ya kukamua."

"Nami nikaandika saa ya kukamua."

"Ndiyo, mama."

"Wewe umeandika nini kwenye hiyo ripoti?"

Dorine alivuta kigoda, akakaa. "Nimeandika kosa ni la fanksheni, na fanksheni ni yangu. Ameichukua. Amesema ataipitia."

Kunegunda alitupa punje mbovu nje ya mlango. Mkataba ule alikuwa ameuombea novena mbili. Alitaka kusema, mwanangu, ungeandika tu anavyotaka, semina si kifo. Neno lilimfika kwenye meno likakaa hapo. Akaendelea kuchambua mpaka sinia likabaki na maharage mazima tu, na neno likarudi lilikotoka.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa kituo. Mwenyekiti, mzee mfugaji wa Mpitimbi, alitaka wanachama wauone mfumo mpya, kwa hiyo Dorine aliwekwa pembeni na kompyuta yake, na maandishi yake yakamulikwa ukutani. Bwana Hironimus akasoma ripoti. Alifika kwenye kipengele cha nne, akakohoa, akasoma: "Tatizo la kikundi cha Ruhuwiko limesababishwa na wakulima kutojua kuandika saa kwa usahihi. Wakulima husika watapewa elimu."

Makofi yakapigwa, ya kistaarabu. Zuhra akanong'ona, "Alhamdulillahi, hatujafutwa." Lakini Kunegunda alikuwa anamtazama binti yake, na alimwona amegeuza uso ukutani, ameshika ukingo wa meza. Akajua kwamba hayo hayakuwa maneno yake.

Akasimama. Goti lilimlia.

"Tumsifu Yesu Kristo. Na Waislamu, salaam aleikum. Bwana mwenyekiti, mimi ndiye ninayeandika kadi za Ruhuwiko. Nimeishia darasa la saba. Naomba nianze kuelimika leo, nisisubiri semina. Naweza kumuuliza meneja?"

"Uliza, mama."

"Bwana meneja, leo umeamka saa ngapi?"

Hironimus alitabasamu kwa wasiwasi. "Kwani... saa kumi na mbili kamili. Mimi huamka saa kumi na mbili."

"Na hapa umefika saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika kumi. Mwenyekiti ni shahidi."

"Asante. Dorine, mmiminie. Andika kama alivyosema, tarakimu zilezile. Usimrekebishe."

Dorine alimtazama mama yake, kisha akaandika, na kila mtu akaona ukutani: kukamua 12:00, kupokea 2:50. Akabonyeza.

Masaa kumi na nne na dakika hamsini. Nyekundu.

Sefu ndiye aliyeanza. "Jamani, meneja ni wa jana." Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Mpimeni kwa spiriti," na ukumbi ukapasuka, mpaka mwenyekiti akatoa leso akajifuta macho. Hironimus naye alicheka, kwa sababu hakuwa na la kufanya, masikio yakiwa mekundu kuliko ukuta.

Kunegunda hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Meneja anajua kuandika saa," akasema. "Nami najua. Sote humu tunaijua hiyohiyo. Ndilo hilo tu nilitaka lisomwe." Akakaa.

Mwenyekiti akaagiza kipengele cha nne kifutwe. Akaagiza kadi zibadilishwe. Zuhra akanyoosha mkono kuuliza juu ya maziwa ya siku tano, lita karibu mia mbili, nani atayalipa. Mwenyekiti akasema kwa masikitiko kwamba kituo hulipa maziwa kiliyoyapokea, na hayo hayakupokelewa. Likapita hivyo. Mkataba wa Dorine ukatajwa mwishoni, kwenye mengineyo: ataongezewa mwezi mmoja, chini ya uangalizi.

"Mwezi mmoja," Dorine akasema walipokuwa wanapanda kilima.

"Una siku thelathini," Kunegunda akasema. "Mstari wa saba utaufanya nini?"

"Nitauondoa huo unaosema ya jana. Saa zikigongana, haitaamua yenyewe. Itaandika: haijulikani, muulize mkulima."

*

Jumatatu, saa moja na dakika kumi, Kunegunda alifika na keni zake mbili. Kadi mpya zilikuwa hazijatoka kwa mchapishaji, kwa hiyo alikuja na za zamani. Leo akapima, spiriti ikakubali. Akaingiza. Kompyuta ikatoa maandishi ya njano, na Leo akayasoma, akainua kichwa.

"Mama, hii kumi na mbili na dakika tano ni ya alfajiri?"

"Ya alfajiri, mwanangu. Ya leo."

Leo akabonyeza. "Kijani."

Keni zikamiminwa kwenye tangi. Nyuma ya kioo Dorine alikuwa ameinama kazini. Bwana Hironimus alipita na faili kwapani, akasema, "Za asubuhi, Mama Dorine," akaingia ofisini. Watu wa foleni walisogea mbele. Kunegunda alipokea kadi yake yenye muhuri, lakini hakuondoka mara moja. Alisimama pale kaunta, mkono juu ya ubao, kama mtu dukani anayesubiri chenji.

"Kuna kingine, mama?" Leo akauliza.

Alimtazama Leo, akautazama mlango wa ofisi, ambamo neno samahani lilikuwa bado halijatoka.

"Hapana," akasema. Akachukua keni zake tupu.